Nati Ishirini na Saba

Jumanne, 4 Machi

Daftari hili ni la vipimo. Kwa mbele kuna mageti na madirisha ya watu, urefu kwa upana. Nimeligeuza nikaanza kuandika kutoka nyuma kwa sababu nina jambo ambalo siwezi kumwambia mtu, na kukaa nalo kifuani nimeshindwa siku moja tu.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Miaka mitatu iliyopita nilitengeneza kibubu cha familia kwa chuma cha mageti, nikakichomelea pande zote, nikaacha tundu jembamba juu la kutumbukizia hela. Hakina mlango wala ufunguo. Mke wangu ndiye aliyetaka hivyo. Cha kwanza kilikuwa cha mbao, na kila shida ikitubisha hodi tulikuwa tunakipasua. "Tengeneza kisichofunguka," aliniambia. Nikatengeneza. Wa kukifungua ni mtu mwenye mashine ya kukatia chuma, na wa kukifunga tena ni mwenye mashine ya kuchomelea. Nyumbani kwetu mtu huyo ni mmoja.

Hela ya humo ni ya binti yetu mkubwa. Tunamwita Daktari tangu ana miaka minne, alipokuwa akiwafunga kuku bendeji. Amepata nafasi chuo cha uuguzi. Ada ya mwaka wa kwanza ni laki tisa, na mwisho wa kulipa ni Ijumaa tarehe 16 Mei, mvua zikielekea ukingoni.

Kila Jumapili jioni, tukishakula, kila mtu anatumbukiza alichonacho: mimi, mke wangu ambaye ni msusi, mama yangu anayeuza mkaa kwa mafungu, Daktari anayefundisha watoto wa jirani hesabu, na mdogo wake wa miaka saba, tunayemwita Kasuku kwa sababu hurudia kila anachosikia. Sheria ni moja tu: hakuna kuulizana. Mke wangu aliiweka ili mama asione haya siku akiwa na sarafu mbili. Humu ndani neno "ngapi" ni kama tusi. Kwa hiyo hakuna anayejua kibubu kina kiasi gani.

Sasa jambo lenyewe. Wiki iliyopita mke wangu alipita karakana, akatazama juu, akasema, "Baba Daktari, hapo paa linavuja. Sogeza mashine." Nikamjibu mbele ya wateja, "Wewe suka nywele, chuma niachie mimi." Watu wakacheka. Jana mvua ya kwanza ikanyesha. Leo asubuhi nimekuta mashine ya kuchomelea imelowa, nikaiwasha vilevile kwa kiburi. Imetoa moshi, ikanyamaza.

Sijamwambia.

Alhamisi, 6 Machi

Fundi umeme ameifungua mashine, akaifunga. Amesema nimpe pole mwenyewe. Nikamwambia mwenyewe ni mimi. "Basi pole," akasema, akadai nauli.

Jumapili, 9 Machi

Tumetumbukiza. Nilikuwa na elfu tatu, nikaweka zote. Mama, kama kawaida yake, alikishika kibubu kwa mikono miwili, akakitikisa karibu na sikio akasema, "Kimeshiba." Kasuku akarudia, "Kimeshiba, kimeshiba," mpaka akaambiwa yatosha.

Mke wangu ameniuliza mbona uso umenishuka. Nimesema ni mvua.

Jumatano, 12 Machi

Nimefanya.

Juzi nilimwambia mke wangu kwamba unyevu wa msimu huu utakitia kibubu kutu, afadhali nikakipige rangi karakana. Uongo ulitoka laini hadi nikajishangaa. Alifurahi. "Ndiyo maana nikaolewa na fundi," akasema, kisha akaita watoto wachague rangi. Daktari alitaka nyeupe, ya hospitali. Kasuku alitaka kijani. Wakabishana, mwisho Daktari akamwachia mdogo wake. Nilikibeba begani, na mama akanisindikiza hadi mlangoni akiniambia nitembee polepole nisije nikateleza.

Jana nikashusha turubai la karakana kana kwamba nazuia mvua, nikakata ubavu wa chini. Hela zilikuwa zimebanana, na kwa kuzitazama tu nilijua ipi ya nani. Noti za mke wangu zinanukia mafuta ya nywele. Za Daktari zimenyooshwa kama zimepigwa pasi. Sarafu za mama zina vumbi la mkaa. Kulikuwa na sarafu moja iliyochorwa macho na mdomo kwa kalamu, hiyo sikuhitaji kuulizia.

Nilihesabu mara mbili. Laki saba na elfu arobaini. Sasa mimi peke yangu ndiye ninayejua, na kujua kwenyewe kumekaa vibaya moyoni. Nilichukua laki tatu na nusu, bei ya mashine iliyotumika anayouza fundi wa barabara ya pili. Noti kubwa hazikutosha, nikajazia sarafu. Nilijiambia nakopa. Nitarudisha kidogo kidogo kupitia tundu, kabla ya Mei, na hakuna atakayejua.

Lakini sarafu zilipotoka, kibubu kikawa chepesi. Mama angekitikisa Jumapili angejua. Nikachota nati kwenye kopo, nikazitia moja moja huku nikikipima mkononi mpaka uzito ukarudi. Nati ishirini na saba. Hapo ndipo nilipoacha kukopa nikaanza kuiba, maana mkopaji hatii nati.

Nikiwa katikati ya kazi hiyo, seremala wa kibanda cha jirani alinyanyua turubai, amekuja kuazima koleo. Aliona kibubu kiko wazi. Anakijua, maana watoto wangu wamemsimulia mara mia. Akatazama nati, akanitazama mimi.

"Fundi, leo unapika nati?"

Sikucheka.

"Mimi sijaona kitu," akasema, akaondoka bila koleo.

Leo mashine imekuja. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuziba kibubu. Nimechomelea kwa uangalifu kuliko geti lolote nililowahi kutengeneza, nikasugua, nikapiga rangi ya kijani mara mbili. Huwezi kuona kitu. Nimekaa nikiangalia kazi yangu nzuri nikajichukia.

Ijumaa, 14 Machi

Kibubu kimerudi nyumbani. Kasuku amekibusu akabaki na kijani mdomoni.

Jumapili, 16 Machi

Mama amekitikisa. Akatulia. Akakitikisa tena.

"Kimekuwa na kifua," akasema. "Kinakohoa kama mzee."

Wote wakacheka. Nikacheka na mimi, kwa sauti kubwa kuliko wote. Kasuku amezunguka nyumba nzima akikohoa.

Jumatano, 19 Machi

Mke wangu amepita karakana. "Na mashine umeipiga rangi?" Nimesema ndiyo. Akaipapasa, akasema imependeza kama mpya. Kisha akatazama paa, akaona nimeziba, akatabasamu bila kusema neno. Ningependa angesema, "Si nilikuambia." Ningependa angenicheka. Nimemwogopa mwanamke huyu kwa ulimi wake miaka yote hii, na leo ulimi wake ulikaa kimya kwa kunistahi.

Jumapili, 23 Machi

Nimetumbukiza elfu nane badala ya tatu. Chakula cha mchana nimeacha tangu Jumatatu.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua. Hakuna kazi.

Ijumaa, 28 Machi

Mvua. Mteja wa geti ameahirisha mpaka jua litoke. Mashine ya laki tatu na nusu imefunikwa turubai siku ya tano, nami nimekaa nayo tunatazamana.

Jumapili, 30 Machi

Nilitumbukiza mara mbili, mara ya pili wakiwa wametoka nje. Nilidhani hakuna aliyeniona. Kasuku aliniona. Akakimbia jikoni, "Baba kaweka tena! Baba kaweka tena!" Mke wangu akatoka akifuta mikono, akanitazama kwa macho ambayo sijayaona tangu tukiwa wachumba. Akawaambia watoto, "Mnamwona baba yenu? Muwe na roho kama hiyo."

Sikuweza kumaliza chai.

Jumamosi, 5 Aprili

Mama ana homa na kifua. Mvua imelowesha mkaa, na wateja hawataki mkaa unaotoa machozi. Mke wangu amempeleka kupima. Aliporudi nikamuuliza dawa zimegharimu kiasi gani, akasema kidogo tu.

Jumapili, 13 Aprili

Mke wangu ana viatu vipya. Vizuri, vya kufunika vidole. Nimemsifu. Hakufurahi, akavivua na kuvisukuma chini ya kitanda kana kwamba nimemfumania.

Nimeweka elfu kumi na mbili. Mpaka leo nimerudisha elfu thelathini na mbili, nje ya zile elfu tatu zangu za kila wiki. Nimezoea njaa ya mchana, lakini sijazoea kusifiwa.

Jumapili, 20 Aprili

Leo nimegundua upumbavu wangu wote, na nashangaa kwa nini umechukua wiki sita kunijia kichwani.

Nilikuwa natumbukiza noti huku nikipiga hesabu kwamba mwezi ujao mteja wa geti akinilipa nitakuwa nimekaribia nusu. Noti ikapita. Ndipo nikalitazama tundu. Nililikata mwenyewe, jembamba, sarafu ipite kwa ubavu na vidole visipite. Nati haipiti. Hela naweza kuirudisha yote mpaka senti ya mwisho, lakini zile nati hazitoki. Siku ya kufungua zitakuwa humo, zinanisubiri.

Nikajikaza, nikamwambia mke wangu kwamba rangi imeanza kubanduka, nikipeleke tena karakana.

"Wacha ibanduke," akasema. "Zimebaki wiki tatu. Safari hii utakuja na mashine yako ya kukatia hapa hapa, tukifungue sote. Nataka mama aone. Nataka Daktari aone kila mtu alichomfanyia."

Daktari akasema, "Na mimi nitavaa sare."

"Sare! Nitavaa sare!" Kasuku naye.

Jumanne, 22 Aprili

Seremala amenipa nusu ya chakula chake bila kuniuliza. Tukala. Mwisho akasema, "Fundi, mimi bado sijaona kitu. Lakini wewe umeona." Nilikuwa namchukulia mtu wa mizaha tu.

Jumapili, 27 Aprili

Mama amepona. Baada ya kutumbukiza, tulimsogezea kibubu akitikise. Akakiangalia, asikiguse. "Leo mikono imechoka," akasema.

Baadaye nikiwa peke yangu uani nafunika mkaa wake, akaja akasimama nyuma yangu.

"Mwanangu."

"Naam, mama."

"Mimi nimeshika hela kidogo maisha yangu yote, na hela kidogo ndiyo inayolia. Hela hailii vile."

Nikasema labda ni sarafu kubwa kubwa.

"Sawa," akasema. Akanisaidia kuvuta turubai upande wake. Nilimdhania mama kazeeka, hasikii vizuri. Anasikia kuliko sisi sote, na amechagua kutosikia kwa ajili yangu.

Jumapili, 4 Mei

Mama hajakitikisa tena. Kasuku alijaribu kumshikisha kwa nguvu, akamwambia, "Kiache mwanangu, kinaumwa."

Jumatano, 7 Mei

Mteja wa geti amekuja. Jua limetoka. Nimefanya kazi siku tatu mfululizo, na malipo yote yatapita kwenye tundu. Haitafika. Nimepiga hesabu kila namna haifiki.

Jumamosi, 10 Mei

Kesho tunafungua. Leo nilikuwa nimepiga moyo konde kwamba nitamwambia mke wangu. Nilifunga karakana saa nane mchana, nikaja nyumbani nikirudiarudia maneno njiani kama mtoto aliyetumwa dukani. Nilipofika, mteja wake wa mwisho alikuwa anatoka. Watoto hawakuwepo. Mke wangu alikuwa ameketi kwenye kigoda katikati ya nywele zilizokatika, ameinamisha kichwa. Kabla sijafungua mdomo, akasema, "Funga mlango, Baba Daktari. Nina jambo baya nataka kukuambia."

Nikafunga.

"Kesho kikikosa kutosha, ni mimi."

Sikuelewa. Akaanza kulia. Akasema kwamba Jumapili tatu, kuanzia mwanzo wa Aprili, hakuweka hela. Wasukwaji walikuwa hawaji kwa mvua, na mbili kati ya hizo alichokuwa nacho chote kiliishia kwenye dawa za mama. Hakutaka mama ajue, angekataa kunywa. Basi akawa anakata kalenda ya mwaka jana, anakunja vipande kama noti, anatumbukiza mbele yetu ili Daktari asivunjike moyo.

"Na ile nyingine?" nikauliza. Sijui kwa nini niliuliza.

"Ile nyingine nilikuwa nayo. Elfu tisa. Nikanunua viatu." Akafunika uso. "Miguu ilikuwa inalowa kila siku. Nikasema mara moja tu. Ukanisifu, nikataka kufa. Wewe unashinda njaa, seremala kaniambia hata chakula huli, unaweka mara mbili mbili, na mimi naiba kwa ajili ya viatu."

Nilipaswa kusema wakati ule. Mlango umefungwa, tuko wawili, na yeye mwenyewe ameshanifungulia njia. Ningesema neno moja tu angeacha kulia. Badala yake nilipiga magoti mbele yake juu ya zile nywele, nikamshika mikono ambayo vidole vyake haviwezi tena kukunjuka vizuri kwa kusuka, nikamwambia:

"Usijali, Mama Daktari. Nimekusamehe."

Akanishukuru. Akanibusu mikono. Akaenda kunawa uso, akaanza kupika, akiimba.

Nimekaa uani naandika haya, jua lingalipo. Nilipokata kibubu nilikuwa na woga. Nilipotia nati nilikuwa mwizi. Leo sijui nilikuwa nani. Nimempa mke wangu msamaha ambao haukuwa wangu kutoa, akaupokea kwa mikono miwili.

Jumapili, 11 Mei

Nitaandika yote kama yalivyokuwa.

Tulitandika shuka jeupe sebuleni ili hela isitawanyike. Daktari alivaa sare aliyoazima kwa rafiki yake. Mama alikaa kwenye kiti chake karibu na mlango. Mke wangu alikuwa amevaa vile viatu, kwa mara ya kwanza tangu avisukume chini ya kitanda, akanitupia jicho la shukrani. Kibubu kilikaa katikati, kijani, kizuri.

Nilishika mashine ya kukatia. Nikasema, "Kabla sijakata..." Wote wakanitazama. Kasuku akaziba masikio kwa vidole, tayari. Nikabonyeza swichi, na kelele ikanifichia woga wangu kwa muda ule mfupi ambao chuma kinahitaji kukatika.

Nikakiinua, nikakimimina.

Noti zilitoka, na sarafu, na vikaratasi vya kalenda vilivyokunjwa, kisha nati. Zilianguka kwa kishindo, nyingine zikabingirika nje ya shuka hadi miguuni mwa mama. Nikaona Daktari anatafuta kicheko, akidhani ni mzaha wa baba.

Kasuku akaanza kuziokota, akizihesabu kwenye sketi yake. "Ishirini na tano, ishirini na sita, ishirini na saba. Nani kaweka nati?"

Mke wangu aliona vikaratasi vyake, akainamisha macho. Akafungua mdomo, na nikajua anataka kubeba na nati pia, aseme tu ni yeye, yaishe.

Lakini mama akamwahi.

"Ni mimi," akasema mama. "Sikuwa na hela. Niliona haya kuweka mkono mtupu, nikawa naokota zile nati za baba yenu uani. Mnisamehe. Uzee."

Alisema bila kunitazama, macho makavu, mama yangu ambaye hajawahi kuchukua hata pini ya mtu. Wote wakaamini. Mke wangu akamfuata, akamshika bega, "Mama, jamani, kwa nini usiniambie?" Na mimi nikasimama pale na mashine mkononi. Najua ningenyamaza ingepita. Mungu ananiona, kwa pumzi moja nzima nilitaka inyamaziwe.

Kasuku alikuwa amekiinua kibubu kilichokatwa, amekiweka magotini. Alikuwa amechukua nati moja anajaribu kuipitisha kwenye tundu. Akaigeuza. Akajaribu kwa ubavu. Akachukua nyingine.

"Bibi," akasema, "haipiti."

Hakusema kwa ubaya. Alitaka bibi yake amwonyeshe namna alivyofanya. Akajaribu ya tatu, akaigongagonga. "Haipiti, Bibi. Uliipitishaje?"

Mke wangu akalitazama tundu, kisha nati, kisha ule mshono niliousugua kwa ufundi wangu wote, kisha akanitazama mimi.

Nikasema. Nilianza na paa, nikaenda na mashine, na rangi, na laki tatu na nusu, na nati. Nikawaambia kwamba nimerudisha laki moja na elfu sitini na tano, na nyingine sina. Nilisema nikiwa nimesimama, na hakuna aliyenikatiza, hata Kasuku hakurudia neno.

Daktari alivua kofia ya sare akaiweka juu ya meza taratibu. "Baba," akasema, "si ungesema tu? Tungekifungua. Mashine ndiyo inayotulisha." Mtoto wa miaka kumi na tisa aliona kwa dakika moja nilichoshindwa kuona msimu mzima. Ningeomba, ningepewa. Niliiba kitu ambacho ningepewa, ili tu nisiambiwe, "Si nilikuambia."

Nikamgeukia mke wangu. Nilitegemea ulimi wake, miaka ishirini nimeuogopa. Angenitukana ningepumua. Alizungumza polepole.

"Jana ulipiga magoti pale," akasema, akionyesha kigoda. "Ukaniambia umenisamehe."

Akavua viatu vyake, akavipanga ukutani, akaingia ndani.

Jumatatu, 12 Mei

Daktari amehesabu kwa sauti. Laki sita na elfu sabini na tano. Imepungua laki mbili na elfu ishirini na tano.

Jumanne, 13 Mei

Nimeuza mashine. Fundi aliyeniuzia hakutaka kuichukua tena, nikampata mwingine, akaona shida yangu usoni akanipa laki mbili na sitini. Seremala amesema nianze kwake kesho, kupiga msasa. Hakufanya mzaha.

Alhamisi, 15 Mei

Ada imelipwa. Daktari amenionyesha risiti, akainamisha kichwa kama desturi, akanishukuru. Sikujua nitazame wapi.

Jumapili, 18 Mei

Hakuna kilichotumbukizwa. Mke wangu anaongea na watu wote nyumbani. Ananipakulia chakula, ananipa. Hanisemeshi.

Alhamisi, 22 Mei

Mama nimemwomba radhi. Amesema ameshasahau alichosema. Nikamwambia mimi sijasahau. "Vizuri," akasema.

Jumapili, 25 Mei

Daktari ameondoka kwenda chuo. Mama yake alimsuka siku mbili nzima. Mvua imekatika kabisa, barabara imekauka, na mimi nimebeba sanduku lake hadi kituoni bila kuongea sana. Nati zote ishirini na saba ziko dirishani sebuleni, zimepangwa mstari. Kasuku ndiye aliyezipanga, na hakuna anayezitoa.

Jumapili, 1 Juni

Leo baada ya kula mke wangu aliweka mezani kopo la plastiki lenye mfuniko wa kawaida, hata kufuli halina. Mtoto anaweza kulifungua. Pembeni akaweka daftari jipya na kalamu. Akasema, bila kumtazama mtu, kwamba ada ya mwaka wa pili haingoji, na kwamba sheria ya zamani imekufa.

Mama akaweka. "Elfu moja na mia mbili," akasema. Mke wangu akaandika. Kasuku akaweka sarafu yake, akataja kwa kelele. Mke wangu akaweka yake, elfu tano, akajiandika.

Kisha zamu yangu. Nilikuwa nimekunja ujira wangu wa wiki kiganjani, noti tatu zenye vumbi la mbao. Nikazitia. Zikatua juu ya hela za mama bila mlio wowote.

Mke wangu aliinua macho kutoka kwenye daftari, akaniangalia. Siku ishirini na moja hajanisemesha.

"Ngapi?" akaniuliza.

Nikamtajia.